Sura ya Nne: Diski ya Nyumba ya Sabapathy

Saa mbili na nusu asubuhi Inspekta Mangai alivua viatu mlangoni mwa nyumba ya Sabapathy, akaingia. Barabara ya wafumaji wa Kanchipuram ilikuwa bado imetapakaa maganda ya maboga yaliyopasuliwa Jumatano, siku ya kupumzisha vyombo vya kazi, na unga mwekundu uliopakwa ndani yake ulikuwa umegandamana na lami. Nyuma yake alikuja Koplo Durairaj, amemshika fundi Nazeer kiganja, kwa namna mtu anavyomvusha mgonjwa barabara. Pingu alikuwa nazo mfukoni. Aliamua mwenyewe zikae humo.

Muda uliobaki ulikuwa saa mbili na nusu tu. Nazeer alikamatwa jana saa tano, na sheria inataka mtu afikishwe kwa hakimu kabla ya saa ishirini na nne kutimia. Faili lilikuwa tayari: wizi wa diski kuu ya kompyuta, yenye michoro ya sari ya miaka mitatu. Hakimu angelisoma, angempeleka rumande, na kibanda chake cha kutengeneza kompyuta karibu na kituo cha basi kingekufa siku hiyo hiyo. Nani atampa kompyuta yake fundi aliyekwisha kuitwa mwizi?

Sabapathy, mwenye nyumba, aliwapokea akiwa na shati jeupe na mistari mitatu ya majivu kwenye paji la uso. Maelezo yake yalikuwa marefu, na nusu yake yalihusu nyumba ya hariri ya upande wa pili wa barabara, ambayo kwa maoni yake mwaka huu iliuza vizuri kwa sababu ya wizi ama uchawi. Mangai aliyachuja, akaandika yaliyobaki.

Jumatatu Nazeer aliichukua kompyuta kwenda kuisafisha vumbi, kama mji mzima unavyofanya kabla ya siku ya vyombo. Jumanne aliirudisha, ikafanya kazi. Jumatano saa kumi jioni Kuyili, mke wa mwana wa Sabapathy na mchoraji wa nakshi za nyumba, aliizima kwa mkono wake. Saa kumi na mbili mitambo ya kufumia, mikasi, mizani, gari na kompyuta vyote vilipakwa majivu, liwa na unga mwekundu, vikavishwa maua, vikaombewa, vikaachwa vilale. Mtu hagusi chombo mpaka asubuhi ya pili. Asubuhi hiyo, Alhamisi, mnunuzi mkubwa kutoka Coimbatore aliketi kutazama sari mpya ya harusi kwenye skrini. Kuyili akawasha, na mbele ya mgeni skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe ukisema hakuna mfumo wa kuwasha.

Nazeer aliitwa. Alikuja na flashi, akaanza kupiga mfumo upya. Alipofika kwenye ukurasa unaouliza mfumo uwekwe kwenye diski ipi, orodha ilikuwa tupu. Hakuna diski iliyopatikana. Sabapathy aliyasoma maneno hayo juu ya bega la fundi, akawapigia polisi simu papo hapo. Tena shemeji yake Nazeer anatia rangi nyuzi za ile nyumba ya ng'ambo. Ushahidi gani zaidi ulihitajika?

"Umesoma kwamba hakuna diski," Mangai alisema. "Nani alifungua boksi akatazama?"

"Mashine yenyewe imesema, Afande. Mashine haina sababu ya kusema uongo."

"Watu huniambia hivyo hivyo juu ya watoto wao."

Chumba cha michoro kilikuwa ghorofani. Kuyili alisimama kando ya meza, ncha ya sari ameichomeka kiunoni, macho mekundu. Mumewe Senthil, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa dirishani. Pembeni, kwenye meza yake mwenyewe iliyojaa karatasi za miraba, aliketi mzee Ekambaram, aliyeichorea nyumba hii nakshi kwa mkono kwa miaka hamsini kabla kompyuta haijaja. Hakunyanyuka. Alimtazama Nazeer, akasogeza kigoda kwa mguu ili fundi apate pa kukaa.

Mangai hakuruhusu akae bado. Alimsimamisha hatua mbili kutoka mezani.

"Mikono nyuma. Utasema, mimi nitafanya. Mtu asije akasema baadaye kwamba ulipenyeza kitu."

Nazeer alikubali. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limekunjamana kwa kulalia sakafu, lakini alipoanza kueleza sauti yake ilikuwa sauti ya kazini. Chomoa umeme kwanza. Gusa chuma cha boksi. Parafujo mbili za nyuma, kisha vuta ubavu kuelekea kwako.

Ubavu ulifunguka. Diski ilikuwa mahali pake.

Sabapathy alisema papo hapo kwamba ile ilikuwa ya bandia. Mangai aliomba karatasi ya dhamana, na Kuyili akaitoa kwenye droo, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na ua kavu la asumini alilokuwa ameliweka siku mashine iliponunuliwa. Alisoma namba kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, Mangai akifuatisha kwa kidole kwenye lebo ya diski. Tarakimu kumi na mbili. Zote zililingana.

Durairaj alimwachia Nazeer kiganja.

"Basi haikuibwa," alisema Koplo.

"Basi ameiua," alisema Sabapathy. "Kuna tofauti gani?"

Ilikuwa saa tatu na dakika tano. Mangai aliendelea. Aliwasha kwa ncha ya kalamu, asichafuke unga, akaweka vidole juu ya diski, kisha akauvuta mkono wa Kuyili akauweka pale pale. Diski ilikuwa ikitetemeka kidogo, mfululizo, kama kitu kinachohema. Ilikuwa inazunguka. Alichomeka flashi ya Nazeer, akapita kurasa za mwanzo mpaka ile yenye orodha. Tupu. Nazeer akamwambia abadilishe waya wa data. Tupu. Ahamishe waya kwenye tundu jingine. Tupu.

"Jana hukuyafanya haya?" Mangai aliuliza.

"Sikuwahi hata kufungua boksi, Afande. Waya mpya nilikuwa nao mkononi nilipokamatwa."

Mangai alifungua begi lake mwenyewe, akatoa diski aliyokuja nayo kutoka ofisini, ambayo jana yake jioni alikuwa ameitumia kuandikia ripoti. Akaichomeka mahali pa ile ya nyumba. Orodha ikabaki tupu.

Senthil aligeuka kutoka dirishani, akatazama skrini, akageuka tena kutazama barabara.

"Diski yangu ni nzima," Mangai alisema. "Kama mashine haioni iliyo yake, na haioni ya polisi, basi mgonjwa si diski. Mgonjwa ni jicho."

Nazeer alifumba macho kidogo. Kisha akaomba mashine izimwe, iwashwe tena, na safari hii kitufe fulani kibonyezwe mapema, kabla ya kitu kingine chochote kuamka. Ulikuja ukurasa wa mipangilio ya msingi, wenye rangi ya buluu na maandishi madogo. Alimwongoza Mangai kwa maneno tu: shuka, ingia, shuka mara nne, hapo kwenye mstari wa namna ya kusoma diski. Akauliza mstari huo unasemaje.

Mangai alisoma. Ulikuwa umewekwa kwa ajili ya diski zinazofanya kazi kwa kundi.

Fundi alinyoosha shingo aone mwenyewe.

"Mimi niliuweka kwenye diski moja moja," alisema. "Hii nyumba haina kundi, ina diski moja. Mstari huu ukibadilishwa, mfumo wa zamani unashindwa kuamka, na flashi yangu inahitaji mkalimani wa kuzungumza na kundi, nayo haina. Basi inasema haioni kitu."

"Unaweza kujigeuza wenyewe?"

"Betri ndogo ya ndani ikifa, ndiyo, mipangilio yote inarudi ya kiwandani. Lakini na saa pia ingerudi nyuma miaka."

Mangai alitazama saa kwenye pembe ya skrini, Durairaj akatazama ya mkononi mwake. Zilipishana dakika moja. Betri ilikuwa hai. Mstari ule uligeuzwa na mkono wa mtu. Mangai alipiga picha ya skrini, akakataza mtu yeyote kuugusa mpaka aseme.

Kuyili aliuliza, kwa sauti isiyosikika vizuri, kama michoro yake imefutika.

"Imo yote, dada," Nazeer alimwambia. "Ningeona diski jana ningebonyeza, na mfumo mpya ungepita juu ya kazi yako. Ule ukurasa mtupu ndio uliokuokolea."

Kuyili aliketi sakafuni pale pale aliposimama. Mzee Ekambaram alinyanyuka kwa mara ya kwanza, akammiminia maji kutoka kwenye gudulia lake, akarudi kukaa.

Sasa swali lilikuwa la wakati. Jumatano saa kumi mashine ilizimwa nzima. Alhamisi saa mbili asubuhi ilikuwa kipofu. Kati ya hapo mlango wa barabarani ulitiwa komeo usiku kucha, na jioni nzima Nazeer alikuwa kibandani kwake akisafisha kompyuta za watu wengine mbele ya mashahidi sita. Mangai alilisema hilo polepole ili kila mtu alisikie. Aliyegeuza mstari alilala ndani ya nyumba hii.

Sabapathy alihitaji muda mfupi sana kubadilisha mwizi. Alinyoosha mkono kwenye meza ya karatasi za miraba. Mzee huyo, alisema, huilaani mashine kila siku ya Mungu, na usiku ule alilala kwenye baraza la chini kwa sababu ya mvua.

Ekambaram alitafuna tambuu yake mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Ninaionea wivu, ndiyo. Andika hivyo, Afande. Pindo lililokuwa likinichukua siku arobaini, huyu binti anakaa hapo anabonyeza, na mimi bado tambuu haijaisha mdomoni. Tena lake ni zuri. Lingekuwa baya ningelala usingizi."

"Uliigusa?"

"Sijui hata inapobonyezwa. Herufi zenyewe ni za Kizungu, mimi najua za kwetu tu."

Mangai aliangalia meza ya mzee. Maandishi yote kwenye karatasi zake yalikuwa ya Kitamili. Hilo halikutosha, mtu anaweza kujua herufi asiziandike. Lakini Durairaj alisogea akamwambia kitu sikioni. Jana saa moja usiku mtu alikuja kituoni kwa baiskeli, akaacha idli sita, vile vitumbua vya mchele vinavyopikwa kwa mvuke, kwenye jani la mgomba na taulo safi, vya mahabusu Nazeer, na akakataa kutaja jina. Koplo alikuwa amemtambua tangu alipoingia chumbani. Ni huyu mzee.

Mangai alimwuliza kwa nini alifanya hivyo. Nazeer aligeuza shingo. Yeye alidhani chakula kile kilitoka kwa mama yake.

"Kijicho changu ni na mashine," Ekambaram alisema. "Huyu anayeipangusa vumbi kanikosea nini?"

Mangai alifunga ukurasa wa mzee kwenye daftari. Alichuchumaa mbele ya kompyuta akatazama kwa nje kile alichokuwa amekipita akikimbilia ndani. Skrini, kibodi, printa na boksi vyote vilikuwa bado na alama za Jumatano: doa la liwa, la manjano, upana wa kucha, na katikati yake nukta nyekundu. Aliyezipaka ni mke wa Sabapathy, kwa kidole cha pete, moja baada ya nyingine, zikilingana kama vishikizo vya shati. Swichi ya kuwashia nayo ilikuwa na nukta. Ilikuwa imechanika katikati.

Alimwuliza Kuyili. Kuyili alieleza kwamba Alhamisi hakutaka kuharibu alama ya baraka, akabonyeza swichi kwa ncha ya ukucha tu, na fundi naye vivyo hivyo.

"Una picha ya Jumatano?"

Alikuwa nayo, kama kila mtu mwenye simu alivyo nayo ya siku hiyo. Saa kumi na mbili na robo jioni: kompyuta na shada lake la maua ya njano, bisi za mchele na dengu kwenye sahani mbele yake. Mangai aliikuza picha mpaka swichi ikajaa kioo cha simu. Doa la liwa, nukta katikati.

Kwenye swichi iliyokuwa mbele yake hapakuwa na liwa. Palikuwa na wekundu mtupu, mpana, umekandamizwa kwa kidole gumba.

Mangai aliuliza kama upo mwanga mzuri zaidi, kisha akaona kwamba mtu anayefaa kuulizwa alikuwa nyuma yake. Alichukua pamba mbili. Moja aliigusisha kwenye alama ya skrini, nyingine kwenye swichi, akampelekea mzee Ekambaram mezani kwake, palipofika jua la dirishani.

"Umechanganya nyekundu maisha yako yote. Hizi ni moja?"

Mzee alizitazama kwa jua, kisha kwa kivuli cha kiganja chake. Hakuhitaji muda mrefu, lakini alijipa.

"Si moja. Hii ya skrini ni ya dukani, imetiwa chokaa nyingi, inapiga kelele. Hii ya swichi ni laini, imekwenda chini kama damu ya komamanga. Ni ya hekaluni, kwa mungu mama. Wanasaga wenyewe."

"Jumatano mke wa Mzee Sabapathy alitumia ipi?"

"Ya dukani. Nilimnunulia mimi."

Kisha Ekambaram akaziweka pamba juu ya karatasi yake, moja huku, moja kule, akawa anazitazama hizo tu.

Mangai alimgeukia mwenye nyumba, akauliza kwa upole nani alikwenda hekaluni Jumatano baada ya maombi. Sabapathy alijibu kwa fahari. Yeye miguu ilikuwa imemvimba, mkewe alikuwa na wageni, kwa hiyo alikwenda Senthil peke yake, kama mwana mwema, akarudi saa tatu usiku. Hakuna mwingine aliyetoka.

Maneno yalipokwisha kumtoka, alimtazama mwanawe.

"Alirudi na unga wa hekalu?" Mangai alimwuliza Kuyili.

Kuyili alikuwa bado sakafuni. Alijigusa mahali nywele zinapogawanyika, pale mume anapompaka mkewe.

"Kila mwaka huniletea kwenye kikaratasi. Mwaka huu alisema ameusahau."

Chini barabarani muuza maziwa alipiga kengele, akapita. Mangai alimwuliza Nazeer swali moja la mwisho: siku alipouweka mstari ule mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, nani alikuwepo. Fundi alijibu akiangalia sakafu. Umeme ulikuwa hafifu siku hiyo. Alikuwepo yeye, na dada Kuyili akisimama mlangoni. Na kaka Senthil alimshikia tochi. Kaka Senthil aliuliza mstari huo una kazi gani, naye akamweleza, maana aliuliza vizuri, kama mtu aliyesoma.

"Alikuwa amesoma," Kuyili alisema.

Senthil alitoka dirishani mwenyewe. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akakiweka mezani kando ya kibodi. Kilikuwa kimefunguliwa upande mmoja, na wekundu wake ulikuwa umepenya.

Alieleza akisimama, bila kuombwa, na Durairaj akaandika. Nyumba ilimpeleka yeye Chennai miezi sita kujifunza kuchora kwa kompyuta. Alirudi na cheti na daftari. Mkewe alilisoma daftari lile usiku, watoto wakilala, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amempita. Sasa wanunuzi wakipiga simu, naye akipokea, huuliza kama bibi yupo. Mnunuzi wa Coimbatore aliuliza hivyo mara tatu wiki ile. Alitaka siku moja tu mkewe ashindwe mbele ya mgeni. Yeye angekuja, angerudisha mstari, mashine ingeamka, na mgeni angeona ni nani anayeielewa. Lakini mgeni aliondoka kabla ya kahawa, baba akamwita Nazeer, kisha polisi, na kila saa iliyopita ikawa nzito zaidi kusema.

"Alama iliharibika ulipobonyeza swichi. Kwa nini uliipaka upya?" Mangai aliuliza. "Ungeifuta tu, ungeacha swichi tupu, nisingekuwa na kitu mkononi."

Senthil alimtazama kana kwamba hakuelewa swali.

"Usiku ule, Afande? Chombo cha kazi kikeshe bila alama?"

Mzee Ekambaram alitikisa kichwa, akikubaliana naye.

Kuyili alinyanyuka. Alijifunga vizuri ncha ya sari, akamkaribia mumewe mpaka wakawa wanatazamana.

"Ungeniambia nikuachie kiti siku hiyo. Ningekuachia."

"Ningekuomba kiti changu?" alisema Senthil.

Kuyili alimgeukia Mangai, akaomba ruhusa. Mangai alitazama saa: nne kasoro robo. Alirudisha diski ya nyumba mahali pake, akamwambia Nazeer alete mikono yake mbele, na afanye mwenyewe. Fundi alikaa. Aliurudisha mstari kwenye diski moja moja, akahifadhi, akachomoa flashi yake ili isije ikatangulia. Skrini ikawa nyeusi, ikakaa nyeusi kwa muda uliomfanya Sabapathy ashike ukuta, kisha ikaleta mfumo ule ule wa zamani, na picha ya tausi wawili kwenye pindo jekundu, kama Kuyili alivyoiacha Jumatano saa kumi.

Sabapathy alimvuta Mangai pembeni. Alikuwa amepungua kimo. Alisema haya sasa ni mambo ya nyumbani, malalamiko anayaondoa, hakuna aliyeumia, na Afande atakunywa kahawa. Mangai alimjibu kwamba malalamiko atayaondoa kwa maandishi, sasa hivi, mbele ya Koplo, na kahawa baadaye. Ama kuhusu aliyeumia, hilo hawezi kulijibu mwenye nyumba. Akamgeukia fundi.

"Nazeer, ulilala sakafuni kwa jambo ambalo huyu alilijua. Una haki ya kufungua shauri lako. Nitaliandika hapa hapa, na pa kuanzia ni jina lake."

Chumba kizima kilimtazama Nazeer. Alichukua muda kukunja waya aliokuja nao jana, uliokuwa bado juu ya meza, akaufunga kwa mpira. Aliweka bisibisi, flashi na brashi ya vumbi kwenye mkoba wake, moja moja, kila kimoja mahali pake. Kisha akaunyanyua mkoba, akauweka miguuni pa Senthil.

"Jana walinipitisha barabara nzima, kutoka mlango huu mpaka kwenye gari kule sokoni," alisema. "Watu wote walitoka nje wakaniangalia. Mimi sitaki shauri, Afande. Nataka kaka Senthil anisindikize kibandani kwa njia ile ile. Kwa miguu. Anibebee mkoba."

"Mwana wa Sabapathy abebe mkoba wa fundi?" baba yake alisema.

Senthil alikuwa amekwisha kuinama. Aliutia mkanda begani, akashuka ngazi.

Mangai alimwagiza Durairaj akae aandikishe, akavaa viatu, akawafuata kwa nyuma, mbali kiasi cha kutoonekana kama msafara. Jua lilikuwa limepanda. Mbele ya nyumba ya ng'ambo watia rangi walisimama na mikono yao ya buluu, shemeji wa Nazeer kati yao. Wawili wale walipita mbele yao. Penye kona, bibi muuza asumini, ambaye jana alikusanya nguo zake fundi alipopitishwa asije akamgusa, alinyanyua uso kutoka kwenye nyuzi zake, akamwuliza kijana wa Sabapathy kama polisi wamemwachia mwizi.

Senthil alisimama. Alihamisha mkanda kutoka bega moja kwenda jingine.

"Hakuiba diski, bibi," alisema. "Ni mimi niliyeificha."

Alisema kwa sauti yake ya chini, akataka kuendelea na safari. Nazeer hakuondoka. Alijipinda kumtazama bibi, kisha akamtazama Senthil, bila hasira.

"Bibi huyu hasikii vizuri, kaka," alisema. "Sema tena."